Dafrosa Chacha na Neno la Kocha

Wasikilizaji wapendwa, Novemba mwaka jana, 2016, mlango wa Mama Goretti kule Roseville uligongwa. Theluji ilikuwa inaanguka, na hakuna aliyemtarajia mgeni. Alikuwa kocha wa mbio wa chuo kimoja. Alimfuata Kirezi, binti wa nyumba, mkimbiaji.

Ndani alikuwemo Dafrosa Chacha, Mtanzania, rafiki wa familia. Dafrosa ndiye tunayemkumbuka leo. Ametutoka wiki hii, hapa Saint Paul, Marekani.

Kocha alikula sombe, kisamvu cha Kikongo, akaisifu. Akasema, "Nitamuunga mkono Kirezi apate nafasi chuoni." Goretti akapiga vigelegele.

Dafrosa hakupiga. Akamuuliza kocha, "Ofisi ya udahili imeshaziona alama zake?" Kocha akatabasamu, akatafuta koti lake.

Mgeni alipotoka, Dafrosa akasema, "Mama Kirezi, kuungwa mkono si kupokelewa. Kocha anaomba tu. Ofisi ndiyo inayoamua. Na kocha akihama, ombi lake linahama naye. Yule kocha wa chuo cha pili, aliyemwandikia Kirezi pia, tumjibu."

"Dada, mutu amekula kwangu! Posa imepokelewa, unaniletea bwana wa pili?"

"Hii si posa."

"Ni wivu, juu ya vile wewe hauna mtoto!"

Kirezi anasimulia: "Anti akaniambia, 'Jumamosi nitakupeleka kwa yule wa pili.' Mama akasikia. Akasema, 'Ukimpeleka, usikanyage tena hapa.'"

Mjini hapa Dafrosa hakuwa na ndugu. Alikuwa mgonjwa wa moyo, na Goretti ndiye aliyekuwa akimsindikiza hospitali, hadi Jumamosi hiyo.

Januari, kocha wa kwanza alihama. Akaacha kupokea simu. Nafasi aliyoitaja ikaenda kwa mwingine. Narudia, wasikilizaji: kuungwa mkono si kupokelewa. Kirezi amepokelewa chuo cha pili.

Dafrosa alifia hospitali, peke yake. Goretti alifika kitanda kimeshatandikwa upya.

Pole kwa kaka yake Mudrick, huko Tarime. Pole kwako, Mama Goretti. Na sisi wazazi tujiulize: nani kati yetu, usiku huu, amefunga mlango wa pili kwa sababu ya neno tamu la mgeni?

Kirezi anaikumbuka Jumamosi ile. Barabara ilikuwa barafu tupu. Goretti alisimama dirishani, mikono kifuani. Gari likasimama nje. Dafrosa hakushuka. Alipiga honi, akafungua mlango wa abiria, akasubiri.