Mama Majivu na Zege Lisilotikiswa

Dada yangu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Majivu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, mtoto wa tatu wa fundi mitambo wa kinu cha mpunga. Tuliishi nyuma ya kinu, na lundo la pumba lilikuwa refu kuliko paa letu. Sisi wengine tulilichezea. Yeye alizichoma zile pumba aone kinabaki nini, akachapwa, akachoma tena.

Alimaliza sekondari mwaka 1981 na kupata shahada ya uhandisi mwaka 1986. Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi. Huko alitafuta jambo moja tu: kupunguza saruji kwa kutia majivu ya pumba, apate zege linalotiririka lenyewe na kujaa katikati ya nondo bila kutikiswa kwa mashine. Wenzake walimcheka, wakamuuliza kama anajenga au anapika. Baadhi yao leo wamekaa viti vya mbele, na mashada wameleta.

Mwaka 1990 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea vyuma. Shemeji hakuja kuposa na maua. Alikuja na tanuri la kuchomea pumba alilolitengeneza kwa mkono wake, lenye kipimo cha joto. Watoto walipozaliwa, dada alimimina uji wao kwenye sahani na kutazama kwanza unavyotandaa, kama alivyopima zege lake. Walizoea kuunywa umepoa.

Mwaka 2014, zege lake likiwa limeshafaulu majaribio, mkandarasi mmoja aliomba kulitumia kujenga zahanati. Dada alimwambia, mimi nikisikia, "Majivu meusi usiyaguse. Hayo hayajaiva, yanakunywa maji." Mkandarasi alikuwa na haraka. Alichoma pumba kwenye mapipa, moshi mtupu, akatia meusi. Zege likagoma kutiririka, naye akaliongezea maji kwa mpira. Kuta zilipopasuka alisema kosa ni la majivu ya yule mama, na wakubwa wakaifunga maabara yake bila kumsikiliza. Nasema hapa mbele ya jeneza: ule ulikuwa uongo, na mlioujua mlinyamaza. Inaniuma mpaka leo.

Aliugua figo tangu mwaka 2019, akafariki tarehe 3 Februari mwaka huu asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake. Wapo wanaonong'ona kwamba ni majivu yaliyomuua. Daktari amesema ni figo. Komeni.

Ameacha mume, binti mmoja ambaye naye ni mhandisi, wana wawili, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake.

Jana mkandarasi yuleyule alituletea saruji ya kujengea kaburi. Tumeirudisha. Binti amechanganya zege la mama yake kwa majivu yaliyochomwa kwenye tanuri la baba yake. Mtaliona likimiminwa: litakwenda lenyewe mpaka pembeni, bila mtu kuligusa.

Pumzika, dada. Safari hii hakuna atakayekutikisa.