Yeye Atangulie Nyumbani

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Lorraine izime hiyo televisheni, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kushindana na mtu anayeuza makochi.

Nisikilizeni. Nyumba hii ya Thamesmead, hapa London, ni ya kupanga, itarudi kwa wenyewe. Vitabu gawaneni bila kelele. Vile vya majumba ya kale, magofu na mizuka achukue Griffins, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa nikimsomea akiwa mdogo, naye akijificha chini ya blanketi na kuniambia niendelee. Mnara uliochongoka, jiwe lililoota kuvu, malaika aliyevunjika bawa, vyote vina uzuri wake, na sijawahi kumcheka mtu kwa kuvipenda. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na nimeona jambo ambalo nimelitafutia neno la upole nikalikosa. Nalidharau.

Griffins, mwanangu, kila Jumamosi unavaa joho jeusi ukawatembeze watu kwenye makaburi ya kale. Siku moja, miguu ikiwa bado yangu, nilikufuata nyuma nyuma. Mama mmoja alikuuliza, "Na huyu hapa ni nani?" Ukamjibu, "Haijalishi, mama, jina limeshafutika. Sisi tunamwita Bibi Mweusi." Wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaenda kunywa bia. Mtu alizikwa na jina lake, na wanawe walilia hapo. Wenzako hao wanapenda kaburi lisilowaagiza chochote. Wanapenda kuogopa mahali ambapo hakuna atakayewauliza mbona hawakuja kupalilia. Mapenzi ya namna hiyo hata mbwa hana.

Ningekufa bila kuyasema haya, kama Jumapili iliyopita usingeniletea huyu mzee wa mti uliyemnunua dukani, aliyesimama pale karibu na dirisha. Umemtegea taa ya zambarau miguuni. "Dadi," ukasema, "nimekurudishia babu." Macho yako yalikuwa yamejaa machozi, ndiyo maana sikukukemea hapo hapo. Kisha mkabishana juu ya kichwa changu kama wanunuzi wa samaki. Lorraine: "Litupe hilo shetani kabla pasta hajaja!" Nawe: "Shetani gani? Tazama pembetatu zilivyochongwa!" Lorraine: "Basi ni shetani mwenye pembetatu!" Nilicheka hadi Jedidah, anayenihudumia, akadhani nimepaliwa. Mmoja anampenda kama pambo, mwingine anamwogopa kama jini, na hakuna aliyeuliza ni baba wa nani.

Kwetu Giriama, mzee wa chama cha Gohu akishakufa, iko siku humjia mwanawe ndotoni akilalamika kwamba anasikia baridi. Hapo ndipo mti mgumu huchongwa kigango, nguzo ya mfano wake, kikasimamishwa, kikafungwa vitambaa, kikamwagiwa tembo la mnazi. Kikishasimama hakiondolewi, hata mji mzima ukihama. Mvua itampiga, mchwa watamla, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Babu yenu nilimchongesha mimi, na nilipokwenda mara ya mwisho nilikuta mchwa wamemmaliza, pamebaki kishimo na majani. Nilifurahi. Basi huyu si yeye. Mlazeni mtazame kisigino chake: alikatwa kwa msumeno, usawa wa ardhi.

Siwadharau sana vijana walioshika msumeno wakamwiba. Njaa haina adabu. Nawadharau walionunua wakiwa wameshiba, wakamtia kwenye kioo na kuandika chini yake kwamba ni sanaa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Huyu naye, nje kipande cha mti, ndani baba wa mtu. Huko kwetu yuko mwana anayeota baba yake anatetemeka, naye hajui ampelekee wapi kitambaa, kwa sababu baba yuko London, kwenye taa ya zambarau.

Griffins, usilie. Ulitaka kuniheshimu, ukakosea nyumba. Zima taa hiyo.

Sasa shikeni hili. Najua mmepanga kunisafirisha nikazikwe kwetu. Safari hiyo mpeni yeye. Mimi nizikeni hapa hapa, penye majani yanayokatwa kwa mashine, bila malaika wa jiwe. Yeye atangulie. Mchukueni ninyi wawili, wewe Lorraine pia, na biblia yako ukiitaka, mpaka kwetu Kaloleni, muwaulize wazee wa kaya, watunza mila. Semeni mmemleta mtu. Wakiwatukana, kubalini matusi. Wao watajua jinsi ya kumtafuta mwanawe.

Lorraine… maji kidogo. Hapo. Basi.

Na mimi, nikikujia ndotoni, Griffins, nikikwambia nasikia baridi… usikimbilie dukani. Nenda kwetu. Sikuwa Mgohu, kigango si haki yangu. Kijiti kifupi tu cha koma, cha kumkumbuka mfu wa kawaida, kinanitosha, kando ya kile kishimo cha babu yako. Kifunge kitambaa. Usikipige picha. Kisha uniache… mvua inyeshe… mchwa wanile.

Mungu awape watoto watakaowauliza majina. Awape usingizi wenye ndoto. Njooni karibu, mikono… mkono wako uko wapi, Lorraine?

Mfunikeni yule mzee blanketi. Hili langu. Dirisha lile linapitisha upepo.