Mama Kabugho na Swali Ndani ya Seva

Baada ya miaka ishirini na miwili katika shirika letu la zahanati, Mama Consolée Kabugho anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Anasema anarudi kwao Mahango kulima kahawa. Sisi wa idara ya mifumo tumeipokea habari hiyo kwa jicho la pembeni, maana hatujawahi kumwona akiacha kitu bila kurudi kukikagua.

Alianza katika zahanati yetu ya Bulembia akijaza kadi za wagonjwa, akasomea kompyuta jioni, na hatimaye akakabidhiwa hifadhidata nzima, kuanzia Kasese hadi Bwera, kule mpakani. Kazi yake kubwa ilikuwa kuandika prosija, yaani amri zinazokaa ndani ya seva yenyewe na kuiuliza hifadhidata maswali kwa SQL, lugha ya hifadhidata, bila mtu kushika kibodi. Alimshuku kila mtu. Kikombe chake alikifungia kabatini kwa kufuli. Afande Swalik, mlinzi wetu wa getini, alidaiwa kitambulisho kila asubuhi na mtu ambaye ndiye aliyepaswa kumwonyesha yeye. Prosija iliyobandika maneno ya mtumiaji ndani ya swali bila kuyachuja, mlango wanaopitia wezi wa data, aliifuta papo hapo, na aliyeiandika alinuniwa wiki nzima.

Chanzo cha ukali huo alikisimulia mwenyewe kwa kila mfanyakazi mpya. Kwetu Bakonzo, na kwa ndugu zetu Banande ng'ambo ya mpaka, jina hufuata zamu ya kuzaliwa: binti wa kwanza ni Masika, wa tatu ni Kabugho, na hivyo hivyo nyumba hadi nyumba. Miaka yake ya mwanzo kwenye hifadhidata aliandika prosija ya kuunganisha mafaili ya wagonjwa waliosajiliwa mara mbili. Ilitazama jina, mwaka wa kuzaliwa na kwao, basi. Mkonzo mzima, akasahau! Wanawake wawili wa Beni, ng'ambo ya mpaka, wote Masika Rachelle, wakawa mtu mmoja kwenye mfumo, na kundi la damu la mmoja likaingia katika faili la mwenzake. Mmoja wao alilazwa Bwera, na damu ilikuwa imeshaletwa kando ya kitanda chake. Nesi Anastasie alipomsomea mgonjwa faili lake na kundi la damu lililoandikwa humo, mama yule akashtuka: "Ile damu haiko yangu. Ba-Masika beko wengi!" Nesi akapima upya, na yule mama akapona.

Tangu hapo, kila prosija ya Mama Kabugho huuliza kwanza kabla ya kuunganisha au kufuta mtu: wanaofanana ni wangapi? Wakizidi mmoja, inasimama na kudai mfanyakazi anayewajua kwa sura aje athibitishe. Siku za soko Bwera foleni hutoka hadi barabarani, na Mama Kabugho hulaumiwa kwa Kiswahili, Kifaransa na Lhukonzo. Sisi tulishuku kwamba amejitengenezea ufalme, ili asipokuwepo kisiende kitu. Mkuu wetu, Bwana Kosiya, akaamua kwamba swali lile liondolewe mara tu mwenyewe akishaondoka. Kazi hiyo nikapewa mimi.

Niliipokea kwa furaha. Nikazisoma prosija zake zote mstari kwa mstari, nikitafuta mtego: mlango wa siri, nywila iliyofichwa, chochote cha kutulazimisha kumpigia simu huko Mahango. Sikuona kitu, na hapo ndipo nilipozidi kushuku.

Jumanne iliyopita ofisi ya watumishi, ambayo haipendi kuandika mengi, iliagiza mfumo umwondoe mstaafu: "Kabugho, Kasese." Nani asiyemjua Kabugho? Seva ikasimama. Nikaita watu, nikawaambia mtego wake ndio ule. Kisha nikafungua swali ambalo prosija ilikuwa imeuliza. Lilikuwa limepata watu wawili: yeye mwenyewe, na Shallon Kabugho wa maabara, anayeidhinisha kila mfuko wa damu unaotoka Kasese kwenda Bwera. Kama ningekuwa nimeshaliondoa swali lile, wote wawili wangefutwa pamoja, na huko Bwera mgonjwa angesubiri damu isiyo na wa kuiidhinisha. Bwana Kosiya akasoma skrini mara mbili, akasema tu, "Hii swali ibaki."

Kwa hiyo asante, Mama Kabugho. Ulitushuku sote, na wewe mwenyewe ulijishuku kuliko sisi, na kwa sababu hiyo wako watu wanaotembea leo sokoni Bwera bila kujua jina lako. Tutakukumbuka, hata makaripio yako. Kahawa yako izae vizuri, majirani wa Mahango wazoee kukaguliwa, nawe upate afya njema na usingizi usio na mashaka.

Lipo jambo moja tu limebaki. Seva bado inangoja mtu anayewajua kwa sura athibitishe ni Kabugho yupi anayeondoka. Ninawajua wote wawili. Kitufe kiko mbele yangu tangu asubuhi, na bado sijakibonyeza.

Nobert, idara ya mifumo