Mama Hebu na Filta Aliyoitia Shaka

Ifikapo tarehe thelathini Juni, karakana ya kamera ya gazeti letu itakuwa imehudumiwa na fundi mmoja kwa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Siku hiyo fundi huyo atastaafu. Katika hati za utumishi ana jina refu na cheo kirefu zaidi, katika korido zetu anaitwa Mama Hebu, kwa sababu hajawahi kupokea habari yoyote, iwe ya lenzi iliyoanguka au ya mkubwa aliyepandishwa cheo, bila kusema kwanza, "Hebu tuone." Mumewe, mwalimu wa hesabu, anatuhakikishia kwamba nyumbani hali ni hiyo hiyo: chumvi huonjwa kabla ya kutiwa mchuzini, isije ikawa sukari.

Aliajiriwa enzi za filamu, na miaka yake ya mwanzo aliitumia kutunga kanuni. Iliyo maarufu kuliko zote ilihusu filta ya UV, kile kioo bapa, chembamba, kinachofungwa mbele ya lenzi kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa. Hakuna lenzi iliyoruhusiwa kutoka karakana bila filta hiyo. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, filamu ilinasa mionzi ya jua ambayo jicho halioni, na picha za nyanda za juu zikatoka na ukungu wa buluu, filta iliupunguza. Ya pili, pigo lolote lingekutana na kioo cha bei nafuu kabla halijafika kwenye kioo cha thamani.

Kwa kuwa aliwajua wapiga picha, hakutosheka na kuwaambia. Pale filta ilipokutana na lenzi aliweka tone la rangi nyekundu ya kucha. Tone likipasuka, mhusika aliandika barua ya kujieleza. Wapiga picha waliliita tone hilo "jicho la mama mkwe".

Filta iliyorudi imevunjika ilipokewa kama shujaa: imekufa yenyewe, lenzi imepona. Kwa miaka mingi sote tuliuamini ushahidi huo. Hakuna aliyeuliza kama lenzi ingeumia kweli endapo filta isingekuwapo.

Kisha filamu zikatoweka. Kamera mpya zilikuja na kinga yao ya ndani dhidi ya mionzi ile, na sababu ya kwanza ya kanuni ikafa kimya kimya. Kanuni yenyewe iliendelea kuwapo. Watumishi hustaafu kwa tarehe. Kanuni hungoja mtu wa kuzistaafisha.

Miaka tisa iliyopita alikuja binti mmoja mpiga picha tuliyemwita Mikanda, kwa jinsi alivyovaa mikanda miwili ya kamera iliyopishana kifuani. Jioni moja, jua likiwa limezama punde, alitumwa kupiga picha ya daraja jipya. Halmashauri ilikuwa imeahidi taa kumi na mbili: sita juu ya daraja, sita kwenye njia ya miguu iliyo chini yake, kando ya maji. Za juu zilikuwa zimewekwa. Za chini hazikuwapo, na watu walioipita njia ile gizani walilijua hilo kwa visigino vyao. Asubuhi ukurasa wetu wa kwanza ulionyesha taa kumi na mbili, zote zinawaka.

Kufikia saa nne simu hazikupokeleka tena. Wasomaji walisema tumelitilia daraja taa ili kuwafurahisha wakubwa. Ndani ya jengo shaka ilienea upesi kuliko nje. Kuna aliyekumbuka kwamba Mikanda alisalimiana na ofisa wa halmashauri. Kuna aliyegundua kwamba ana viatu vipya. Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, na kamati ya nidhamu ikapangwa wiki iliyofuata. Kila mmoja alijua mwisho wake: mpiga picha aliyefukuzwa kwa kughushi hapati gazeti jingine.

Mwenendo wa kikao hicho umo katika kumbukumbu, na sehemu zake zinastahili kunukuliwa.

"Sikugusa kitu, mzee," Mikanda alimwambia mhariri mkuu. "Nilipiga, nikatuma."

"Sasa hizo taa zilijiwasha zenyewe?"

Mama Hebu aliitwa kuthibitisha tu kwamba kamera ilikuwa nzima. Itajwe kwa haki kwamba naye alimshuku binti huyo. Hata hivyo alikuwa ameiomba picha ya asili, ile iliyobaki ndani ya kadi ya kamera, na taa za chini alizikuta humo humo. Aliichapisha kubwa, akaitandika mezani, akachukua rula na penseli. Aliweka alama katikati kabisa ya picha. Kutoka kila taa ya juu alichora mstari ulionyooka kupita alama ile, na kila mstari ulipotoka upande wa pili uliangukia taa moja ya chini, umbali ule ule. Mistari sita, taa sita. Taa za chini zilikuwa za juu zilizopinduliwa, hafifu kidogo, zenye ukijani.

"Mama, unatuambia kioo kimezaa taa?" aliuliza mjumbe mmoja, na watu wakacheka.

"Hakijazaa. Kimerudisha. Mwanga mkali umeingia, umegonga ndani, umerudi hadi kwenye filta, na filta kwa kuwa ni bapa imeurudisha tena. Zimeni taa za chumba niwaonyeshe."

Alipiga picha ya balbu tatu akiwa na filta, zikaonekana sita. Alilivunja tone jekundu mbele ya wajumbe, akaifungua filta, akapiga tena. Zikaonekana tatu.

Hapo angeweza kukaa. Mikanda alikuwa ameokoka, na hakuna aliyekuwa ameuliza filta ile ilifungwa kwa amri ya nani. Badala yake alifungua daftari la karakana, akasoma kwa sauti maandishi ya siku tatu kabla ya picha ile: "Mpiga picha anaomba kutoa filta apigapo taa. Ombi limekataliwa." Sahihi ilikuwa yake. Kisha akamgeukia Mikanda. "Mwanangu, uliniuliza swali la kweli nikakujibu kwa kanuni. Kosa ni la karakana."

Mikanda alirudi kazini, na tuliomba radhi kwenye ukurasa ule ule wa kwanza. Lakini hakumsamehe mtu kwa haraka. Kwa karibu mwaka mzima kamera zake zilipelekwa karakana na watu wengine.

Mama Hebu alitumia mwaka huo kuishtaki kanuni yake. Alipitia rekodi za filta arobaini na moja zilizovunjika, akaziangusha lenzi chakavu, nyingine zikiwa na filta na nyingine bila. Alikuta kwamba filta huvunjika kwa pigo ambalo kioo kinene cha lenzi hulistahimili, na kwamba mara tatu vigae vya filta ndivyo vilivyoikwaruza lenzi iliyopaswa kulindwa. Kofia ya lenzi, ile pete ndefu ya mbele, ilipokea mapigo vizuri zaidi na haikuharibu picha. Hata hivyo hakuitupa filta. Penye mchanga unaopeperushwa, chumvi ya bahari au cheche za wachomea vyuma, aliandika, ifungwe; penye taa kali, ifunguliwe; kwingineko mpiga picha aamue. Mwishoni aliongeza kwamba lenzi chakavu ni mashahidi dhaifu, na kwamba matokeo yake yashukiwe pia. Matone mekundu yaliondolewa yote.

Wiki iliyopita alikabidhi karakana. Anayeipokea, kwa kuomba mwenyewe, ni Mikanda. Orodha ya vifaa ilikuwa tayari, kurasa kumi na nne, kila ukurasa umesainiwa na Mama Hebu. Desturi yetu ni mpokeaji kutia sahihi, kupeana mikono na kwenda kunywa chai. Mikanda alivuta kiti, akaanza na ukurasa wa kwanza. Alikishika kila kifaa, akakiinua kwenye mwanga, akakilinganisha na orodha. Ilimchukua saa tatu na nusu. Aligundua kwamba bisibisi moja ndogo haipo, akaiandika. Mama Hebu alikaa pembeni muda wote, mikono mapajani, na waliopita mlangoni wanasema hawajapata kumwona ameridhika kiasi hicho.

Mama Hebu, tunakushukuru kwa kutushuku sote kwa kipimo kimoja, na kwa kuanza na nafsi yako ilipolazimu. Tunakuombea afya, macho maangavu, na siku nyingi zisizo na ripoti. Bisibisi, ikipatikana kwenye mkoba wako, irudishwe.