Redio Mpya ya Baba

Basi lilipokata kona ya kiwanda cha sabuni, mwanamume aliyepakata redio mpya alimweleza mama mmoja, fundi cherehani, aliyeketi kando yake, bila kuulizwa, kwamba alikuwa akienda kumwona baba yake katika nyumba ya wazee. Tangu ampeleke huko, mzee hakuwa amemwitikia hata salamu.

"Sasa redio ndiyo itakuitikia?" mama yule aliuliza.

"Dada, hii inashika stesheni zote."

"Baba alikuwa akifanya kazi gani?"

"Fundi redio."

Fundi cherehani aliitazama redio kwa uso wa mtu anayetoa pole. "Kaka yangu, umemnunulia fundi kitu kizima. Atakifanya nini?" Akatoa mkobani gauni ambalo pindo lake alikuwa amelifumua mwenyewe asubuhi ile. Mama yake, aliyekaa katika nyumba hiyohiyo, naye alikuwa mshonaji. "Kila Jumapili nampelekea nguo iliyofumuka. Ananigombeza mpaka amalize kushona. Akichoka kunigombeza, ananiuliza habari za watoto."

"Huko ni kumdanganya mzazi."

"Ni kweli. Wewe hujamdanganya wako, na hamsemeshani."

Mwanamume alijibu kwa heshima zote kwamba redio ile ilikuwa na dhamana ya mwaka mzima. Walikuwa bado wakibishana basi liliposimama mbele ya lango la wazee. Fundi cherehani alitangulia kushuka. Mwanamume alikwenda kwanza kwa dereva, akamwomba amwazime bisibisi.