Gurudumu Alilolikataa Bwana Raymundi Mihayo

Tarehe 30 Juni 1984 Bwana Raymundi Mihayo, Fundi Mkuu wa kituo chetu cha kufua umeme hapa Tabora, anarudisha funguo baada ya miaka ishirini na minane ya kazi. Atakayezipokea asishangae zikiwa zimepinda. Ndugu huyu hapiti karibu na chuma bila kukigonga na kukisikiliza. Kwenye harusi ya binti yangu aligonga sufuria zote za pilau, akamwambia mpishi ipi ina ufa, na kweli ilikuwa nao.

Alizaliwa Igalula, mtoto wa mhunzi wa majembe, akaanza hapa mwaka 1956 kwa kufuta mafuta sakafuni. Uhuru ulipofika alikuwa tayari anawasha jenereta mwenyewe. Mkewe, Bibi Apolinaria, husema tangu hapo ana mke mwenza anayekunywa dizeli.

Sasa niseme la mwaka 1968, na mwenyewe ameniruhusu. Mapanga ya gurudumu la turbo, lile linalozungushwa na moshi wa moto wa injini, yalipinda. Vipuri havikupatikana, na kujitegemea ndiyo ilikuwa kauli ya siku. Raymundi akafanya alivyofundishwa na baba yake: akalipasha kwenye moto wa mkaa, akalinyoosha, kisha akalifukia kwenye majivu lipoe polepole lisije likapasuka. Ndivyo jembe linavyotunzwa. Tulimpigia makofi. Wiki ya tatu lilipasuka likiwa linazunguka, na vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto vikaenda nalo. Taarifa iliandikwa kuwa gurudumu lilikuwa limechakaa, na sote tuliamini hivyo.

Mwaka 1971 alipelekwa Chekoslovakia kusomea vyuma. Alibeba kilo tano za matobolwa, na watu wa forodha waligoma kuamini kwamba viazi vikavu vinaweza kuwa vigumu namna ile. Huko, kwenye hadubini, aliona kilichotupata. Gurudumu lile si chuma cha jembe, ni aloi ya nikeli, yaani nikeli iliyochanganywa na metali nyingine. Imejengwa kwa chembe, na ndani ya kila chembe vimetawanyika vipunje vidogo mno, vimekaribiana, navyo ndivyo vinavyoizuia isilegee kwenye moto mkali. Ukiipasha kupita kiasi kisha ukaipoza polepole, vipunje huyeyuka na kurudi vikiwa vikubwa, vichache, vimeachana. Nguvu inakuwa imekwisha, ingawa kwa macho gurudumu ni zima. Mafundi wapya aliwaeleza kwa asali yetu, ambayo ikiganda polepole hufanya punje kubwa za kukwaruza ulimi.

Aliporudi mwaka 1972 alianza kuja kwangu Cheyo kila msimu wa mvua kunilimia shamba. Nilidhani ni ujirani mwema.

Mwaka 1977, wiki moja kabla ya Saba Saba, gurudumu jingine likapinda. Meneja wa wakati huo alitaka lifanyiwe kama lile la kwanza. Raymundi akakataa, na kamati ya wafanyakazi ikaitishwa ili afukuzwe kwa kukaidi amri. Angeweza kujitetea kwa vitabu. Badala yake alinigeukia mimi, Justus, mbele ya wote, akasema taarifa ya mwaka 1968 haikuwa kweli. Gurudumu liliharibiwa na majivu yake, naye amelijua hilo miaka mitano bila kupata kinywa cha kuniambia. Akasema wamfukuze wakipenda, lakini gurudumu lile lisizungushwe.

Nilikasirika, sifichi. Ile miaka mitano iliniuma kuliko vidole. Kisha nikalikumbuka shamba langu, misimu yote ile. Mwenyekiti wetu, Bibi Mwanamkuu, alitukumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akauliza nani anataka fundi abaki. Nilinyoosha mkono wa kushoto. Wengine wakafuata.

Saba Saba tuliisherehekea kwa taa za chemli, na gurudumu jipya likafika Septemba. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeumia kituoni hapa.

Bwana Raymundi, asante kwa kutufundisha kuogopa kitu kinachong'aa. Kapumzike salama Igalula pamoja na Bibi Apolinaria, ambaye sasa hana mke mwenza. Mwaka jana tu ulikuwa shambani kwangu, mgongo umeinama. Nilikwisha kukusamehe siku ile kwenye kamati, na kosa langu ni kwamba sikukuambia. Msimu ujao ukija Cheyo, njoo bila jembe.