Mama Kioo na Kidole Changu Gumba

Leo, tarehe thelathini Juni, Mama Kioo, mkaguzi wetu wa vitambaa, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja kiwandani. Mimi mpakiaji nimekaa naye minne tu, tangu nitoke kwetu, lakini wenzangu wamesema niandike mimi kwa sababu kidole ni changu.

Alianza kwa kufagia chumba cha mitambo, pamba ikimjaa kichwani kama mvi za kuazima. Baadaye akapewa meza ya dirishani na kioo cha kukuzia, atafute uzi uliokatika kabla mteja hajauona. Ni mkali. Ukileta chai karibu na kitambaa, utainywea nje. Lakini saa ya chakula kioo kilikuwa cha wote. Tuliona kwamba punje za chumvi ni visanduku. Mwenzetu mmoja alichungulia mkate wake wa juzi akaususia, tukamsaidia kuumaliza.

Wageni wote hukosea vilevile: hukiinua kioo juu sana, wakaona maua ya kitambaa yamesimama kichwa chini. Yeye hucheka: "Teremsha, baba, hutafuti mwezi!"

Mwaka jana waya wa kufungia marobota ulinichoma gumba, likavimba kama kiazi. Zahanatini hawakuona kitu. Msimamizi akasema asiye na mkono hapakii, arudi kwao. Nami watoto wangu wanakula kwa mkono huo. Mama Kioo akanivuta dirishani. Chini ya kioo, kipande cha waya chembamba kama unywele kilionekana kama msumari. Kabla hajakichomoa kwa kibano nilishapiga kelele, naye akanisuta: "Mwanamume mzima! Hata sijakigusa bado."

Maumivu yalipotulia nikamuuliza kioo kinakuzaje kitu. Akasema kitu hakikui hata chembe. Ukisogeza uzi karibu mno na jicho, unaona ukungu tu, jicho limeshindwa. Kioo hicho ni kinene katikati na chembamba pembeni, kwa hiyo hupinda mwanga, na jicho likaweza kuona vizuri kile kilicho karibu. Na cha karibu huonekana kikubwa. Nikalitazama gumba langu upya, mistari yake kama matuta ya shamba, hadi akaninyang'anya kioo: kazi inangoja.

Asante, Mama. Upumzike vyema, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Mimi likizo yangu ni Desemba. Panapo majaliwa, katikati ya mwezi nitabisha hodi kwetu nikiwa na vidole vyangu vyote kumi.